Fomu Iliyouliza Mama Yake ni Nani

Mimi ni mtu wa wivu. Nasema mapema usije ukajifanya umenigundua. Wengine wivu wao wanauficha uvunguni kama sufuria yenye tundu, mimi wangu napikia wageni. Kwa lugha ya watu wa marehemu mume wangu, neno la wivu na neno la mke mwenza yametoka tumbo moja, na wazee waliosema hivyo walikuwa na wake wengi, walijua.

Tulikuwa wake wawili. Mimi mkubwa, nilikaa Busia upande wa Uganda kwa sababu ya biashara. Mwenzangu mdogo alikaa Kisoko, nyumbani kwa mume wetu, analima. Mungu alinipa wavulana wawili, wote wameoa, siku hizi wanasikiliza sauti zingine. Mwenzangu alipewa wasichana watano. Kila nikienda Kisoko alikuwa anawaita wote watano mmoja mmoja waje kunisalimia, polepole, kama mtu anayepitisha ng'ombe mbele ya jirani asiye na hata mbuzi.

Yule wa tatu alipofika umri wa shule, mume wetu akasema aende Busia kwa mama mkubwa, shule ni karibu. Mwenzangu alilia. Mimi nilimpokea mtoto na kifurushi chake cha nguo mbili, nikafunga mlango, na toka siku ile nikajua ni wangu. Hakuna mtu aliyeniambia ni wa kuazima.

Kazi yangu ni maharagwe. Nanunua kwa wakulima wa Merikit na Paya, napitisha mpakani, nauza Busia ya Kenya kwa gorogoro, lile kopo la kupimia. Shule sikuona hata mlango wake. Hesabu nafanya kwa kichwa, lakini karatasi ikiwa na maandishi, kwangu ni karatasi ya kufungia chumvi. Haya unayosoma mimi nimesema tu, mwingine ameandika. Kwa hiyo mtoto huyo alikuwa macho yangu. Jumamosi tukipanga foleni na mizigo, na trela zimesimama mkia mrefu mpaka huoni mwisho, yeye alikuwa anakwenda nyuma ya kontena ananisomea namba ya sili. Sili ni kile kidude cha chuma wanachofungia mlango wa kontena huko bandarini. Kina namba yake, kinafungwa mara moja tu, ukikikata hakirudi. Watoto wa wenzangu walijifunza kusoma kwa Biblia. Huyu wangu alijifunza kwa matako ya malori.

Na mimi nilimfundisha kitu. Kuna wauzaji wajanja, gunia wanalifunga fundo zuri juu, unafurahi, unalipa. Kumbe wamefumua mshono wa chini, wameingiza maharagwe ya mwaka juzi yenye wadudu, wameshona tena. Nilikuwa namwambia mtoto, "Fundo ni la kukuchekesha wewe. Pindua gunia. Uzi wa chini ukiwa mpya kuliko gunia, mwambie asante, twende."

Basi akasoma, akamaliza, akaenda Kampala, akasoma tena, akaajiriwa kastam. Kwanza walimpeleka uwanja wa ndege Entebbe, akakaa huko miaka. Halafu siku moja akanipigia simu kwamba amepangiwa Busia. Nilicheka mpaka jirani akaja mbio kuuliza nani amekufa.

Akarudi chumba chake kile kile. Shati lake jeupe nilipiga pasi mimi, ya makaa, sikukubali aguse. Asubuhi anatoka, alama ziko begani, viatu vinang'aa, mimi nasimama mlangoni kuhakikisha jirani wa kulia ameona, na wa kushoto pia. Kama wa kushoto amechelewa kutoka, nilikuwa namuita mtoto arudi, nasema ameacha kitambaa.

Kazini nilikuwa namuona kila siku, maana sisi wa mizigo midogo tuna dirisha letu, na siku hizi maofisa wa Uganda na wa Kenya wanakaa jengo moja. Kuna kijana wa Kenya hapo, mdomo mwingi. Akiniona tu, "Niaje mathee! Leo umetuletea maharagwe ya nyayo ama zile ndogo ndogo za kuvunja meno?" Nami namjibu kwa sauti yake hiyo hiyo, kwa pua, "Niaje kijana, meno yako yako poa ama tayari yamevunjika?" Foleni yote inacheka. Lakini mtoto wangu yeye, akiniona nafika dirishani na mzigo, alikuwa anainuka anakwenda kunywa maji. Kila mara. Mwingine ndiye ananihudumia. Nilifikiri ni adabu, mtoto hawezi kumkagua mama. Sikujua ni sheria.

Mwenzangu alikuwa anakuja kututembelea, na kuku mkononi. Huyo mwanamke ana sauti ya kuombea chumvi: "Mwanaaangu, mbona umekonda? Mama yako mkubwa anakulisha maharagwe tu?" Halafu anageuka kwangu, anacheka, "Natania, dada." Mimi namwambia karibu, kaa, na kuku wake nampika na chumvi nyingi. Akiondoka namuiga, mtoto anajizuia kucheka, anasema, "Mama, acha, huyo ni mama." Mama, huyo ni mama. Sikupenda mpangilio wa maneno hayo lakini niliyaacha yapite.

Sasa sikia. Siku moja lilikuja lori kutoka Mombasa. Dereva mtu wa pwani, Kiswahili chake laini kama samli. Mimi nilikuwa karibu, nangoja dirisha lifunguliwe. Mtoto wangu akaenda nyuma ya kontena. Akaishika sili, akaivuta, akaizungusha, akasoma namba akalinganisha na karatasi. Sawa. Dereva akasema, "Mwanangu, wallahi sili hiyo haijaguswa na mkono wa binadamu tangu bandarini. Nipe ruhusa yangu niende zangu." Mtoto alikuwa ameinama, anaangalia chini ya mlango, kwenye bawaba. Akapitisha kidole. Akanusa kidole.

"Mzee, hapa mmepaka rangi lini?"

"Rangi? Rangi gani, mwanangu?"

"Hii, mzee. Lori zima lina vumbi la safari, hapa tu pananuka duka."

Yule samli alikauka. Walipofungua, wakakuta wezi walitoa bawaba, wakaondoa mlango mzima na sili yake bila kuigusa, wakachukua mali, wakaweka mawe, wakarudisha mlango na kupaka rangi. Dereva mwenyewe alikaa chini akashika kichwa. Ilijulikana baadaye kwamba alikuwa amelala njiani, hakujua kitu.

Mimi nilisimama pale na debe langu kichwani, nikajiambia: huo ni mshono wa chini. Amepindua gunia!

Bosi wake alitoka kuona. Huyo ni mtu wa magharibi ya Uganda, mkubwa, mpole, Kiswahili anakiingia kama mtu anayeingia mto wa baridi, kidole kimoja kimoja. Akauliza mbele ya watu, "Nani ilifundisha wewe hii kitu?" Mtoto akasema, "Mama yangu."

Ah, nilinyooka! Kama si debe ningeruka.

Lakini neno lina miguu. Kabla sijaanua nguo kwenye kamba, lilikuwa limeshafika Kisoko, na huko likabadilisha mwenye nyumba. Jumapili nilipigiwa simu na shemeji: mwenzangu amesimama kanisani kutoa ushuhuda. "Wapendwa, mnaniona hivi hivi. Ule wizi uliokamatwa Busia, mwanangu amesema mbele ya wakubwa, nilifundishwa na mama yangu. Tangu mdogo nilikuwa namwambia, mwanangu, chunguza mlango." Na watu wakapiga makofi. Mlango! Mwanamke ambaye nyumba yake mpaka leo inafungwa na kigoda.

Sikula siku hiyo. Nilipika, sikula.

Kwa ajili ya ile kazi, mtoto aliitwa kwenye kikundi kingine. Kuna maofisa ambao wanakwenda kwa wafanyabiashara wakubwa, wanakagua maghala yao, walinzi wao, nani anafunga kontena na nani anashika funguo. Wakiridhika, malori ya yule mtu yanapita mpakani bila kusumbuliwa sana, kwa sababu anaaminika. Kwa hiyo ofisa mwenyewe kwanza lazima aaminike. Wakampa fomu, kurasa nyingi, zinauliza ukoo wake.

Alikaa nayo Jumapili mchana mezani kwangu. Mimi nachambua maharagwe, yeye anaandika. Nikamuuliza, kama mtu asiyejali, "Hapo wameuliza mama?"

"Wameuliza."

"Umeandika nani?"

Akataja jina la mwenzangu. Mkulima, Kisoko.

Nikachambua moja, mbili, tatu. "Na mimi niko ukurasa gani?"

Akaweka kalamu chini. Akasema, "Mama, hapa mbele kuna swali lingine. Wanauliza, una ndugu anayepitisha bidhaa kituo unachofanyia kazi? Nikikuandika hapo, hawatanipa kazi mpya hapa Busia, na hata hii ya zamani wataniondoa. Ndiyo maana dirishani naondoka. Nimeuliza mkubwa mmoja, amesema swali ni la mama, baba, mume, watoto, ndugu wa tumbo moja. Mama mkubwa hawakumtaja."

"Kwa hiyo yule ni mama," nikasema, "na mimi ni maharagwe."

"Mama, jamani. Nataka kukaa hapa na wewe."

Mwenye akili angesikia hapo. Mtoto alikuwa ananiambia: nikikuacha nje ya karatasi, unabaki nami ndani ya nyumba. Mimi nilisikia kitu kimoja tu, jina la mwenzangu kwa wino. Karatasi ambayo siwezi hata kuisoma! Lakini nilijua pale palipo jina lake, niliweza kuweka kidole. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana, nami nilimwambia hivyo siku ile mara sijui ngapi, na kesho yake, na keshokutwa. Kwa sauti yangu, kwa sauti ya mwenzangu, kwa sauti ya padri. Akinisalimu asubuhi najibu, "Shikamoo ya mama yako iko Kisoko, mimi nipe tu 'habari ya asubuhi, muuza maharagwe.'" Pasi sikupiga. Siku hizo tatu alikwenda kazini na shati lenye mikunjo, na mimi nilikaa ndani nikiona aibu kama nimetoka mimi bila nguo.

Siku ya nne nilikwenda dirishani na debe mbili. Yule kijana wa Kenya hakujua kitu, akaanza mchezo wake. "Mathee, leo uko na sura ya kufunga duka! Nani amekukosea tumtie ndani?"

Mimi mdomo wangu, ukishaanza ni kama gunia limepasuka. Nikamuiga mwenzangu pale pale, mikono kifuani, macho juu: "Wapendwa, mimi ndiye nilimfundisha mwanangu! Mimi na kigoda changu!" Foleni ikacheka. Nikanogewa. Nikaongeza sauti, "Nimemzaa kwa siku moja nikampa mwingine amlee miaka, lakini andikeni jina langu!" Watu wakashika mbavu. Sikuona kwamba bosi amesimama mlangoni.

Akaja polepole. Akatazama mtoto, ambaye alikuwa ameshaenda kwenye maji yake, akarudi nusu njia akasimama. Bosi akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, wewe iko nani ya huyu ofisa?"

Sasa hapo, Mungu anisamehe. Ningesema jirani. Ningesema mke wa baba yake, na ingekuwa kweli. Kijana wa Kenya hata alinikonyeza, alikuwa ameelewa. Niliweka debe chini, nikasema kwa nguvu foleni yote isikie:

"Mimi ndiye mama yake. Nimemlea mimi. Uliza mtu yeyote wa Busia hii."

Bosi akageuka kwa mtoto. Alimwangalia tu. Na mtoto angeweza kusema ni mama mkubwa tu, bwana mkubwa, mambo ya nyumbani. Nilimwona anapima. Kisha akasema, "Ni mama yangu, bwana mkubwa. Fomu bado sijarudisha. Nitaandika."

Nilikwenda kuuza maharagwe yangu Kenya nikitembea kama bibi harusi. Nilifika sokoni nimeshamwambia kila mtu. Wenzangu wa soko wakanipongeza, mmoja akaninunulia soda. Yule anayeuza vitunguu pembeni yangu ndiye aliyeuliza, "Sasa wewe, kama umeandikwa, watamuacha hapo unapopita?" Soda ilinipanda puani.

Barua haikuchelewa. Bosi mwenyewe aliniita, akanipa kiti. "Mama, mtoto yako iko safi. Imesema kweli, kwa hiyo kazi mpya imepata. Lakini si hapa. Hapa wewe napita kila siku. Yeye naenda Malaba."

"Mimi naacha maharagwe," nikasema. "Leo. Andika hapo nimeacha."

Akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Mama, barua imeisha toka."

Malaba, unajua, iko wilaya ya Tororo. Na Kisoko iko wapi? Tororo hiyo hiyo. Mtoto ana pikipiki yake. Kukodi nyumba Malaba ni ya nini, na nyumbani kwao kuna chumba? Mimi nilifunga sanduku lake kwa mikono yangu, mashati nimepiga pasi yote, nimeyakunja moja moja, nikijua mkono gani utayakunjua. Nilimwambia tena kwamba nitaacha biashara. Akanikumbatia, "Uache, ufanye nini siku nzima? Utamaliza kuiga watu wa Busia, uanze kuiga kuku. Mama, sikukasirika. Nilikuandika kwa sababu ni kweli." Akapanda pikipiki. Ni kweli! Mtu anakupa kitu ulichokililia, na mkono ule ule anakuchukulia chumba kizima.

Nikakaa wiki mbili sijamuiga mtu. Jirani wa kulia akaja kuuliza kama naumwa.

Halafu nikaenda Kisoko. Mwenzangu alitoka kunipokea amejifunga kitambaa kipya. Sauti ile ile: "Dadaaa, karibu kwetu. Mwanangu bado yuko bafuni, nimemchemshia maji." Kwenye kamba nikaona shati jeupe. Limepigwa pasi vibaya, kola imekaa kama sikio la mbuzi. Nilinyamaza. Nakuambia nilinyamaza, ni mara ya kwanza, hata yeye alishtuka. Tulikunywa chai. Mtoto akatoka, akakaa katikati yetu, akawa anagawa mkate sawa sawa kama refa. Alipoondoka kidogo, mwenzangu aliinama kwangu akanong'ona, na hapo sauti ilikuwa si ya kuombea chumvi tena, ilikuwa yake ya kweli, kavu: "Ni kweli kwenye ile karatasi ya serikali umeandikwa wewe mama?"

Nikamwambia ni kweli.

Akamwaga chai yake nje. Akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu. Ningefurahi, si ndiyo? Nilingoja furaha ije, haikufika.

Jumatatu, kabla ya kurudi Busia, nilipitia Malaba. Mikono mitupu, sina hata kikapu, maana nilikuwa nimeshaelewa: nikipitisha gorogoro moja tu hapo, huyu mtoto watamhamisha tena, safari hii mbali, mpaka wa Sudan huko au Kongo. Mpaka wote huu naweza kupita na mzigo, isipokuwa pale aliposimama yeye. Nikajibanza ng'ambo ya barabara, karibu na foleni ya wanawake wa mizigo midogo. Nikamwona. Alikuwa nyuma ya trela, na maofisa wawili wadogo pembeni yake, anawaonyesha. Aliivuta sili, akaiacha, akawainamisha wote wawili kwenye bawaba. Sikusikia maneno. Lakini midomo niliijua, ilikuwa inasema mambo ya uzi mpya na gunia la zamani.

Mama mmoja wa foleni, ana ndizi kichwani, akanigusa. "Nyanya, uko kwa laini ama umesimama tu?"

"Nimesimama tu. Sina mzigo."

"Mbona huyo ofisa unamwangalia hivyo? Unamjua?"

Mdomo wangu ulikuwa tayari umefunguka. Ulikuwa umeshavuta pumzi ya kuita foleni yote. Nikaukamata.

"Ni mtoto wa mke mwenzangu," nikasema.

Yule mama akamtazama tena, akatikisa kichwa na ndizi zake. "Eh. Mama yake ana bahati."

"Sana," nikasema. "Nusu ya bahati yake ingenitosha."